Mwajiri anaweza kuzuia mshahara wote kwa sababu ya shoti ya duka?

Muuza Vifaa, Morogoro

Shikamooni wakubwa, na habari za kazi kwa rika langu. Naomba ushauri katika jambo ambalo limeninyima usingizi tangu mwisho wa mwezi uliopita.

Mimi ni binti ninayeuza katika duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini, na sasa nimeingia mwaka wa tatu. Sina mkataba wa maandishi. Tulikubaliana kwa mdomo kwamba mshahara wangu ni sh. 280,000 kwa mwezi pamoja na chakula cha mchana, na kwa muda wote huo nimekuwa nikilipwa, mara nyingine kwa kuchelewa. Duka linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili tunafanya kazi nusu siku.

Mwezi uliopita tajiri alikuja na kijana anayemsaidia mahesabu, duka likafungwa kutwa nzima, wakahesabu mali yote. Jioni aliniambia kwamba imeonekana shoti, yaani upungufu, ya sh. 1,460,000 na kwamba hiyo ni juu yangu kwa sababu mimi ndiye muuzaji. Nilipomwomba anioneshe hesabu ilivyopatikana, alijibu kwamba hesabu hizo ni za duka lake na hazinihusu. Mwisho wa mwezi sikupewa hata shilingi moja, na nikaambiwa nitafanya kazi bila mshahara hadi deni liishe. Wiki hii ameniletea karatasi iliyoandikwa kwa mkono inayosema kwamba nakiri kudaiwa fedha hizo na nakubali mshahara wangu wote uzuiwe, anataka niweke sahihi na dole gumba, la sivyo atanipeleka polisi kwa wizi.

Sijachukua mali ya mtu. Naomba kujua kama sheria inamruhusu kuzuia mshahara wote namna hiyo, na kama mtu asiye na mkataba wa maandishi kama mimi ana mahali pa kupeleka malalamiko yake. Kodi ya chumba inadaiwa na ninaye mdogo wangu anayesoma, kwa hiyo siwezi kukaa miezi mitano bila kipato.

Mtu wa Utumishi, Dodoma

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Nimefanya kazi za utumishi katika kampuni binafsi kwa miaka mingi, na suala la kukata mishahara ni miongoni mwa mambo ambayo waajiri wadogo huyakosea zaidi, kwa sababu wengi huamini kwamba fedha ya mshahara ni yao mpaka watakapoitoa mkononi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeliwekea jambo hili masharti yaliyo wazi. Mwajiri haruhusiwi kukata mshahara ila pale ambapo makato yametajwa na sheria, makubaliano ya pamoja kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, amri ya mahakama au tuzo (yaani uamuzi wa mwamuzi wa migogoro), au pale mfanyakazi mwenyewe amekubali kwa maandishi kuhusu deni fulani. Na deni hilo likiwa linatokana na upotevu au uharibifu wa mali, hata hiyo sahihi peke yake haitoshi. Ni lazima upotevu uwe umetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako. Ni lazima mwajiri awe amekupa kwanza, kwa maandishi, maelezo ya chanzo cha upotevu, kiasi chake na jinsi alivyokikokotoa. Ni lazima upewe nafasi ya kutosha ya kuyapinga maelezo hayo. Kiasi kinachodaiwa kisizidi hasara halisi iliyopatikana, na makato yote yasivuke robo ya mshahara wako wa fedha taslimu.

Tuiweke sheria hiyo katika hali yako. Robo ya sh. 280,000 ni sh. 70,000. Kwa hiyo hata kama masharti mengine yote yangetimizwa, na kwa maelezo yako hayajatimizwa, kiwango cha juu ambacho angeweza kukata ni sh. 70,000 kwa mwezi, na angelazimika kukupa sh. 210,000 zilizobaki. Kwa mwendo huo deni la sh. 1,460,000 lingechukua takriban miezi 21. Kuzuia mshahara mzima hakuna nafasi katika sheria hiyo.

Kuhusu mkataba, usikate tamaa. Wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi ni wa mwajiri, si wako, na shauri linapofika mbele ya chombo cha kisheria, mwajiri asiyeweza kuleta maandishi hayo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira linalobishaniwa. Vilevile, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa ni mfanyakazi, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa saa zake za kazi zinapangwa na kusimamiwa na mwingine, anatumia vifaa vya huyo mwingine, au anamtegemea kwa kipato chake. Wewe unaingia humo bila shaka yoyote. Kusanya ushahidi mdogo mdogo ulio nao: jumbe za simu za kutumiwa mshahara, daftari la mauzo lenye mwandiko wako, hata jirani wa duka anayekuona ukifungua kila asubuhi.

Na kwa kuwa ameamua kuhesabu, ni haki na upande wa pili uhesabiwe. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki, na kwa ratiba uliyoieleza, hata ukitoa saa moja ya mapumziko kila siku, unavuka kiwango hicho kwa saa nyingi. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kila mwaka wa kazi unakupa likizo ya siku 28 yenye malipo. Sijui kama umewahi kuipata, lakini iandike pembeni.

Fundi Bomba, Kihonda

Dada, mimi nanunua katika maduka ya hapo mjini karibu kila siku na nimeona wauzaji wengi wakipitia haya. Kwa maoni yangu, mashauri huchukua muda na tajiri ana uwezo kuliko wewe. Ingefaa uzungumze naye mbele ya mtu mzima anayemheshimu, mkubaliane kiasi kidogo, ulipe taratibu na utafute kazi nyingine ukiwa na jina lako safi. Morogoro si mji mkubwa, na muuzaji akishasemwa kwamba ana shoti, maduka mengine humwogopa.

Mwenye Duka, Mbeya

Nimesoma swali hili nikiwa na hisia za pande zote mbili, kwa sababu nami nina duka la vifaa vya ujenzi na nimewaajiri vijana watatu. Kwa heshima zote kwa Fundi Bomba, siafiki kwamba mtu alipe kidogo ili jina libaki safi. Anayelipa asichodaiwa amekiri, na watakaoulizwa habari zake baadaye wataambiwa kwamba alilipa. Mtu mzima wa kuwakutanisha ni wazo jema, lakini kikao kianze na hesabu.

Niseme kweli kwamba wizi wa wauzaji upo, na mwenye duka aliyekopa mtaji benki hawezi kulala usingizi akiona mali inapungua. Hata hivyo, shoti inayoonekana kwenye karatasi na mali iliyoibwa ni vitu viwili, na katika vifaa vya ujenzi tofauti hiyo ni kubwa kuliko katika biashara nyingi. Chukua misumari. Inaingia dukani katika boksi la kilo 25, nasi tunaiuza kwa kilo, nusu na robo. Kila unapopima robo, mizani ya dukani hupanda kidogo upande wa mteja, kwa sababu msumari mmoja huwezi kuukata, na boksi likiisha ukijumlisha mauzo hupati kilo 25. Nyaya za umeme na kamba ni hivyo hivyo, kila kipande kinakatwa na sentimita chache za ziada. Mfuko wa saruji hupasuka wakati wa kushusha, rangi inayopimwa kutoka ndoo kubwa hubaki ukutani mwa ndoo, vigae huvunjika. Mwenye duka aliyezoea kazi huweka kiasi cha upungufu wa kawaida katika hesabu zake, na asiyeweka huuona upungufu huo kama wizi.

Lipo jambo jingine ambalo naona ni zito zaidi, nalo ni punguzo. Fundi akija kuchukua mabati 40 ya sh. 30,000, hakuna duka litakalomwuzia bila kumpunguzia, na akipewa kila bati kwa sh. 29,000, hapo hapo zimetoka sh. 40,000. Sasa kama kijana wa hesabu alichukua mali iliyotakiwa kuwepo, akaizidisha kwa bei ya ukutani, yaani bei kamili kabla ya punguzo, akatoa fedha zilizoingia, basi kila punguzo lililotolewa kwa idhini ya tajiri mwenyewe limegeuzwa kuwa deni lako. Ndiyo maana naomba sana ujue kama walihesabu kwa idadi ya vitu au kwa thamani ya fedha. Hesabu ya haki huenda kwa kitu kimoja kimoja: mabati yaliyokuwepo mwanzo, yaliyoongezwa, yaliyouzwa, yaliyobaki. Baada ya kujua ni vitu gani vimepungua na ni vingapi, ndipo unaviwekea bei, na bei hiyo inapaswa kuwa ile aliyonunulia, kwa sababu hiyo ndiyo hasara yake. Faida ambayo bado haijapatikana haimo.

Naomba utujibu maswali haya ili tukusaidie vizuri. Ulipoanza kazi, mali ilihesabiwa mkakabidhiana kwa maandishi? Katika kipindi hiki mali imewahi kuhesabiwa tena? Nani wengine wana funguo? Na wateja wanaolipa kwa simu, fedha zao huingia wapi?

Muuza Vifaa, Morogoro

Asanteni sana, mmenifungua macho. Najibu maswali ya Mwenye Duka kwa utaratibu.

Nilipoanza kazi hapakuwa na makabidhiano. Nilimkuta kaka aliyekuwa anauza, akanielekeza bei kwa siku chache, kisha akaondoka, na hakuna aliyehesabu kitu. Hesabu hii ndiyo ya kwanza tangu niingie. Funguo za duka ninazo mimi, anazo tajiri, na anazo shemeji yake ambaye hufungua usiku anapokuja mteja wa haraka. Stoo ya nyuma, ambako kuna saruji na nondo, funguo zake sina kabisa.

Malipo ya simu huingia katika Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la tajiri. Mimi huona tu ujumbe ambao mteja ananionesha, nikauandika kwenye daftari. Siku ambazo wateja ni wengi shemeji naye huhudumia, na sijui kama huandika. Pia mama mwenye nyumba, yaani mke wa tajiri, wanapojenga kule kwao amechukua vifaa mara nyingi, na huwa ananiambia kwamba atamalizana na mume wake. Mwanzoni nilikuwa nikiviandika nyuma ya daftari, baadaye tajiri aliniambia nisiandike mambo ya nyumbani.

Jana aliniuliza tena habari ya karatasi. Alisema kama siwezi kusaini, niandike barua ya kuacha kazi.

Mwenye Duka, Mbeya

Basi, dada yangu, kwa upande wa hesabu sioni shoti hiyo inasimama juu ya nini. Bila hesabu ya mwanzo hakuna anayeweza kusema kilichopungua kilipungua lini, na inawezekana sehemu yake ilikuwapo kabla hujafika. Watu watatu wenye funguo hawawezi kuzaa mdaiwa mmoja. Na stoo ambayo huna funguo zake haiwezi kuingizwa katika deni lako kwa namna yoyote.

Omba, kwa upole lakini kwa maandishi, taarifa ya miamala ya ile Lipa Namba kwa kipindi chote kinachodaiwa, ilinganishwe na daftari lako. Mimi mwenyewe huifanya kazi hiyo kila Jumamosi na vijana wangu, na karibu kila mara inajitokeza miamala iliyoingia kwenye simu bila kuandikwa daftarini kwa sababu ya msongamano wa wateja. Pale ambapo mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, inatumika, ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya kila siku, nayo inasaidia. Daftari lenye kumbukumbu za vifaa vya mama mwenye nyumba lipige picha kurasa zote leo hii, kabla halijahamishwa.

Msaidizi wa Kisheria, Dar es Salaam

Nimefurahi kwamba wenzangu wamelieleza vizuri upande wa sheria ya mshahara na upande wa mahesabu. Mimi nitaongeza yanayohusu hatua za kuchukua, kwa kuwa kazi yangu ni kuwasaidia watu kuandaa mashauri ya namna hii, na kwa kweli shauri zuri linaweza kupotea kwa sababu ya hatua mbili tatu zilizochukuliwa vibaya.

Karatasi hiyo usiisaini. Ni kweli, kama alivyosema Mtu wa Utumishi, kwamba hata ukisaini bado ukomo wa robo ungebaki, lakini sahihi yako itakuwa ushahidi kwamba ulikiri kosa, na utatumia nguvu nyingi kueleza kwamba ulitishwa. Kama anasisitiza, mjibu kwa barua fupi yenye tarehe, ukisema kwamba umepokea madai yake, huyakubali, unaomba maelezo ya maandishi ya chanzo, kiasi na ukokotoaji wake, na unaomba ulipwe mshahara wako wa mwezi uliopita. Tengeneza nakala mbili, yako asaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, mtumie picha ya barua hiyo kwa simu ili ibaki kumbukumbu ya siku na saa.

Barua ya kuacha kazi nayo usiiandike. Hapo ndipo waajiri wengi huwanasa wafanyakazi, kwa sababu aliyeacha kazi kwa hiari yake anapoteza madai makubwa aliyokuwa nayo. Sheria inatambua kwamba mwajiri akimfanyia mfanyakazi mambo yasiyovumilika hadi akaondoka, huko ni kusitisha ajira, lakini wewe ndiwe utakayetakiwa kuthibitisha hali hiyo. Endelea kwenda kazini kwa wakati wako. Akikuzuia kuingia, andika tarehe na jina la aliyeshuhudia, kwa sababu siku hiyo ndiyo itakayohesabiwa.

Sasa kuhusu mahali pa kwenda. Waweza kuanza kwa Afisa Kazi wa mkoa, ambaye ana mamlaka ya kukagua sehemu ya kazi na kumpa mwajiri amri ya utekelezaji. Mgogoro wenyewe hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ambayo ina ofisi Morogoro. Unajaza fomu namba moja ya Tume, nakala unampelekea mwajiri kwanza, kisha unaiwasilisha ofisini pamoja na uthibitisho kwamba ameipata. Huduma hiyo haina ada, na huhitaji wakili ili usikilizwe.

Uangalie sana muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya kuachishwa, na migogoro mingine, ukiwamo huu wa mshahara kuzuiwa, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Mshahara wako wa kwanza ulizuiwa mwisho wa mwezi uliopita, kwa hiyo siku zinakwenda. Nimewaona watu wakisubiri ahadi za mwajiri za kwamba tutayamaliza kifamilia, na zinapovunjika muda umeshapita. Kuchelewa kunaweza kuombewa ruhusa kwa fomu nyingine, lakini ni lazima uwe na sababu nzito, na ahadi za mdomo si rahisi kuzithibitisha.

Hatua ya kwanza ya Tume ni usuluhishi, nao unatakiwa kukamilika ndani ya siku 30. Msuluhishi hatoi hukumu katika kikao hicho. Anawasaidia mpatane, na kwa uzoefu wangu shoti za duka nyingi humalizikia hapo, kwa sababu mwajiri akitakiwa kuweka mezani hesabu zake hujikuta hana. Mwajiri asipohudhuria, msuluhishi ana uwezo wa kuamua shauri bila yeye. Nawe usipohudhuria, shauri lako laweza kutupwa, kwa hiyo usikose hata kikao kimoja. Mkishindwa kupatana, mgogoro huenda kwenye uamuzi, ambako ushahidi husikilizwa na tuzo hutolewa.

Kuhusu polisi, ana haki ya kutoa taarifa ikiwa anaamini kuna wizi, na huwezi kumzuia. Lakini shoti peke yake haimfanyi mtu kuwa mwizi, na mashtaka ya wizi wa mtumishi yanahitaji ushahidi kwamba wewe ulichukua mali hiyo. Ukiitwa kituoni, nenda, usikimbie. Nenda na ndugu au msaidizi wa kisheria, beba nakala ya barua yako, na usisaini maelezo ambayo hujayasoma mwenyewe hadi mwisho. Ukiahidiwa kwamba utaachiwa endapo utakubali kulipa kidogo kidogo, jibu kwamba madai ya mshahara yako mbele ya Tume. Hilo ndilo linalonifanya nikushauri uwahi kufungua shauri, ili liwepo kabla hujaitwa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua sisi wasaidizi wa kisheria, na huduma kwa mtu asiye na uwezo ni bure. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ikuelekeze kwa walio karibu nawe, wakusaidie kujaza fomu wiki hii.

Muuza Vifaa, Morogoro

Nawashukuru sana, na Mungu awabariki. Kurasa za daftari nimeshazipiga picha zote, na nyuma yake vifaa vya mama mwenye nyumba bado vinaonekana pamoja na tarehe. Barua nitaiandika leo jioni na kuipeleka kesho asubuhi, kisha nitakwenda Tume kuchukua fomu. Fundi Bomba, nashukuru kwa kunijali, na kama tajiri atakubali kikao mbele ya mtu mzima sitakataa, ila nitataka hesabu ya kitu kimoja kimoja iwe mezani.

Mwenye Duka, Mbeya

Ukipewa hesabu hiyo, ondoa jina la duka kisha iweke hapa. Nitaipitia mstari kwa mstari nikuoneshe penye punguzo, penye upungufu wa kawaida na penye kuhitaji maelezo yako, maana nayo yakiwepo ni vema ujiandae kuyajibu kabla ya siku ya kikao.